Kumkumbuka Fundi Faradji na Taa ya Kabambare

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni. Ninyi mlio chini ya kipaza sauti pale sokoni Kasongo, ninyi wa Nyangwe mnaotengeneza nyavu huku mkisikiliza, ninyi wa Lusangi, na ninyi wa Wamaza mliojazana kwenye baraza la mwenye redio. Anayetwanga na apumzishe mchi kidogo.

Leo tunamkumbuka mtu mmoja. Jina lake Faradji, mwana wa Kassimu. Kazi yake, fundi wa umeme wa motokari. Mji wake, Kasongo. Alifariki wiki iliyopita nyumbani kwake, baada ya kuugua kifua msimu mzima wa mvua. Fundi Faradji wa Kasongo hatuko naye tena.

Huenda hukumjua kwa uso. Lakini kama ulipata kupanda kamyo yenye taa ya tatu mbele, au ulishtuliwa na klaksoni mbili zinazolia pamoja, au ulikaa karibu na mfanyabiashara mwenye feni ndogo ya kumpepea usoni huku akiendesha, basi ulikutana na kazi ya mikono yake. Motokari hutoka kiwandani na vitu vyake. Watu huongeza vyao. Aliyekuwa akiviongeza kwetu, miaka yote hii, ni Faradji.

Tuanze mwanzo. Faradji alizaliwa katika nyumba ya Waislamu wa mji, wale ambao babu zao walikuwa wakiuza na kununua tangu zamani. Baba yake, mzee Kassimu, aliuza chumvi na vitambaa. Alitaka mwanawe ashike mizani. Mwana akashika waya.

Dada yake, Mama Mwamvita, ametuambia hivi:

"Kulikuwa kamyo moja imekufa mbele ya duka ya baba. Faradji akatia mukono ndani, waya ya buji, ile inawasha mafuta, ikamupiga, akaanguka matako chini. Watu wote wakakimbia. Yeye akasimama, akauliza: 'Hii imetoka wapi?' Siku ile baba alijua duka imekosa mutu."

Faradji alijifunza kwa fundi mmoja wa Kindu, mtu mkali aliyekuwa amefanya kazi relini. Fundi yule alimfundisha kuvua waya bila kukata nyuzi zake. Alimfundisha kukwangua rangi mpaka chuma king'ae kabla ya kufunga waya wa chini, ule unaorudishia umeme kwenye chuma. Alimfundisha pia kuweka fizibu karibu na batri, mbele ya kitu kingine chochote. Fizibu, wasikilizaji, ni kile kichupa kidogo chenye uzi mwembamba ndani. Umeme ukizidi, uzi ule unakatika. Unakatika wenyewe, kabla ya waya kushika moto.

Faradji alilijua jambo hili. Nalisema mapema kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda lifichwe. Alilijua vizuri.

Wakati wa vita vya Ulaya, alikuwa akisafiri na kamyo moja iliyobeba mchele kutoka huku kwetu kwenda Kindu. Kwenye usukani alikaa kijana wa upande wa Kabambare, Mubangubangu kwa kabila, mkristo wa misheni. Jina lake Grégoire. Grégoire aliendesha, Faradji alitengeneza. Kamyo ilipozama kwenye tope, walizama wote. Ilipoamka, waliimba wote, na inasemekana hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kuimba.

Mwezi wa Ramadhani, Grégoire alikataa kula mchana mbele ya rafiki yake. Faradji alimwambia mara nyingi, "Kula, ndugu yangu. Dini yako haikukatazi." Grégoire alijibu:

"Njaa ya mutu mumoja inasikitisha. Njaa ya watu wawili inachekesha. Acha tucheke."

Hivyo ndivyo walivyokuwa. Jua lilipozama walisimamisha kamyo kando ya njia, wakatoa muhogo na samaki mkavu, wakala kwenye sahani moja.

Vita vikaisha. Faradji akafungua karakana yake Kasongo, kibanda cha bati chenye meza ndefu, akamwoa Feza. Grégoire akamwoa Anastasie, akarudi kwao Kabambare. Huko alipata kazi ya ushofere kwenye dispansere moja ya masista. Aliendesha kamyoneti, kamyo ndogo yenye turubai nyuma. Kazi yake ilikuwa kuchukua wagonjwa vijijini, na zaidi ya wote, wanawake wenye uchungu wa kuzaa.

Siku moja kamyoneti ile ilisimama mbele ya karakana ya Faradji. Grégoire alishuka, na pamoja naye alishuka mkunga wa dispansere, Mama Léocadie. Léocadie hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alimpeleka Faradji moja kwa moja nyuma ya kamyoneti, akashusha turubai.

"Angalia, fundi. Unaona nini?"

"Sioni kitu, mama."

"Mimi ni hapa nazalisha. Mvua ikinyesha, tunashusha turubai, na njia iko mbaya, mutoto hangoji tufike. Nashika tochi kwa meno. Mara ingine tochi inaanguka, natafuta mutoto kwa vidole. Weka taa, fundi. Ndogo tu."

Faradji alisema hiyo ni kazi ndogo. Taa moja, swichi moja, waya kutoka kwenye batri mpaka nyuma. Akafungua kopo lake la fizibu. Kopo lilikuwa tupu. Alikwenda kwenye maduka ya mji, akarudi mikono mitupu. Fizibu zilikuwa njiani, zinakuja na meli mpaka Kindu.

"Muache motokari, au mrudi fizibu zikifika," alisema.

Grégoire alimcheka. "Ndugu, Wamaza kuna mama mwenye mapacha, tumbo limemushinda kutembea. Kesho nampeleka. Weka leo. Fizibu zikifika, narudi."

"Utarudi kweli?"

"Nitaacha kurudi kwako niende wapi?"

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo penyewe. Faradji aliunganisha waya moja kwa moja kwenye batri. Bila fizibu. Aliupitisha waya kwenye tundu alilotoboa kwenye bati la sakafu, na ukingo wa tundu ulikuwa mkali. Pale hutakiwa kipande cha mpira, ili chuma kisiule waya. Aliuzungushia kitambaa. Akajiambia: fizibu zikija nitafanya vyote pamoja.

Kisha akabonyeza swichi. Taa ikawaka. Léocadie aliinua viganja vyake akavitazama kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichopotea, akacheka kwa sauti, na watu waliokuwa barabarani wakaja kuchungulia. Mama Feza anasema mumewe aliingia nyumbani siku ile akipiga mluzi.

Fizibu zilifika. Nasema tena: fizibu zilifika Kasongo. Faradji alizinunua, akaziweka mezani, akampelekea Grégoire salamu kwa shofere wa kamyo ya pamba: rudi, vitu vimefika. Grégoire akajibu: nitakuja, siku hizi wagonjwa ni wengi.

Na alikuja. Hilo ndilo lililomuuma Faradji kuliko yote. Grégoire alikuja Kasongo kuchukua dawa. Walikutana karibu na soko, wakakumbatiana, wakanywa kahawa. Grégoire alikuwa na habari: mtoto wake mdogo amebatizwa, na Anastasie anamwambia shemeji yake aache ubahili aje kuwatembelea. Walicheka. Wakakumbushana kamyo ya zamani na tope la njia ya Kindu. Kamyoneti ilikuwa imesimama pale pale, kivulini. Karakana ilikuwa ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyesema neno fizibu. Grégoire akapanda, akapunga mkono, akaondoka. Faradji alikuwa amekwisha kurudi kwenye meza yake alipokiona kile kichupa. Akatoka mbio mpaka njiani. Vumbi tu.

"Basi," alimwambia Feza jioni ile, "safari nyingine."

Mama Feza ametuomba tuwaambie kwamba yeye pia alijibu, "Ndiyo, safari nyingine." Anasema hataki mzigo ule umlalie marehemu peke yake.

Ilitokea msimu wa mvua, alasiri, kati ya Wamaza na Kabambare. Nyuma ya kamyoneti alilala mwanamke mmoja, Cécilia, uchungu umempata. Léocadie alikuwa pembeni yake. Mvua kubwa ilishuka, wakafunga turubai, ndani kukawa giza. Léocadie akagonga kwenye kioo cha shofere. Grégoire akawasha taa.

Njia ile mnaijua. Mashimo, mawe, mizizi. Kwa miezi mingi kitambaa kilikuwa kimesagika kwenye ukingo wa lile tundu, na baada ya kitambaa, ngozi ya waya. Siku ile waya ukagusa chuma. Umeme wote wa batri ukapita pale. Hakukuwa na kitu cha kuukata.

Mama Léocadie anasema taa ilififia kwanza, ikawa nyekundu. Kisha akasikia harufu. Kisha moshi ukatoka chini ya sakafu, karibu na tangi la mafuta.

"Nikapiga kelele: Grégoire, moto! Akasimamisha. Alikuja nyuma na turubai ilikuwa inashika moto juu, na kamba zilikuwa zimekazwa na maji, hazifunguki. Hakutafuta kisu. Alishika turubai ile kwa mikono, inawaka, akaipasua. Akaishika tena, akaipasua tena. Akatutoa. Cécilia kwanza, mimi kisha."

Walifika kwenye majani ya ng'ambo, na kamyoneti ikalipuka nyuma yao. Mtoto alizaliwa pale pale, kwenye mvua, Léocadie amempigia magoti Cécilia, na Grégoire amesimama juu yao ametandaza koti lake kwa viwiko, kwa sababu vidole vilikuwa havishiki tena. Mtoto alikuwa mzima. Mama alikuwa mzima. Walimwita Musafiri, maana alizaliwa njiani.

Lakini mikono ya Grégoire haikupona. Ngozi ilikaza, vidole vikajikunja ndani ya viganja, vikabaki hivyo. Grégoire, shofere wa njia ya Kabambare, hakushika usukani tena maisha yake yote.

Habari ilifika Kasongo na kamyo ya mchele. Faradji aliweka chini alichokuwa ameshika, akapanda kamyo ile ile ikirudi. Alifika Kabambare, akaonyeshwa chumba cha dispansere. Alipanda barazani. Mlango ulikuwa wazi nusu. Akamwona Grégoire amekaa kitandani, mikono imefungwa vitambaa kama magongo mawili meupe, na Anastasie anamlisha uji kwa kijiko. Grégoire alifungua mdomo kama mtoto. Uji ukamwagika kidevuni, Anastasie akampangusa kwa ncha ya kitenge.

Faradji hakuingia.

Hayo alimwambia mkewe baadaye. Alishuka barazani, akaenda moja kwa moja mpaka ofisi ya Bwana wa teritwari, mtawala wa wilaya. Huko walikuwa bado wanaulizana kama shofere alivuta sigara. Faradji akasema, "Hapana. Waya ni wangu. Niliweka bila fizibu." Hakuna aliyemuuliza mara mbili. Alifungwa. Alivunja mawe ya barabara pamoja na wafungwa wengine, kwenye jua, mpaka walipomwachia.

Watu wa Kasongo walimpokea vizuri. Walisema amefanya kiume, ametubu, ameadhibiwa, yamekwisha. Kwake hayakuwa yamekwisha. Alimwambia dada yake Mwamvita, "Mimi wamenipa mawe kwa miezi michache. Yeye amepoteza mikono. Nitasimama mbele yake niseme nini? Niseme tumelipana?"

Basi hakwenda. Alipeleka vitu. Kila mavuno alipeleka gunia la mchele Kabambare. Kila Noeli alipeleka kitenge kwa Anastasie na nguo za watoto. Mashofere walibeba, wakarudi na salamu. Salamu zilikuwa zile zile kila mara. Grégoire anashukuru. Grégoire anasema, aje.

"Amesema nini?" Feza aliuliza kila mara, ingawa amesikia.

"Anasema nije."

"Basi nenda."

"Hiyo ni heshima tu, Feza. Mutu akikuletea muchele utamwambia nini? Utamwambia asije?"

Mwaka ukapita, na mwingine. Watoto wa pande zote mbili wakakua. Kazi ikawa nyingi. Kila alipojiandaa kusafiri, palitokea sababu: motokari ya mtu, homa, mvua, msiba. Mama Feza anasema sababu hizo zote zilikuwa za kweli, na mumewe alizifurahia zote.

Kisha, msimu mmoja wa mvua, shofere alishuka kwenye kamyo mbele ya karakana na hakuwa na salamu. Alivua kofia. Grégoire ameshikwa na homa. Grégoire amekufa.

Siku hiyo hakikutokea kizuizi chochote nyumbani. Faradji aliondoka na nguo alizokuwa amevaa. Lakini kamyo ilizama njiani, karibu na mto, na mvua haikukoma. Aliiacha, akatembea. Alipofika Kabambare kaburi lilikuwa limefunikwa, na watu wa matanga walikuwa wamekaa nje wanaota moto.

Anastasie alimwona akija. Alikuwa hajamwona tangu siku za harusi yake, lakini alimjua. Alisimama.

"Shemeji. Umefika."

Faradji alikaa chini, pale pale kwenye tope. "Nimechelewa, shemeji."

"Ndiyo. Umechelewa."

Hakumpunguzia. Aliketi karibu naye, akangoja alie mpaka atulie. Kisha akasema maneno ambayo leo ametuambia mwenyewe, kwa sauti yake, bila haraka:

"Unajua alikuwa anafanya nini? Kila kamyo ya Kasongo ikisimama, alikuwa anainuka kwenye kiti. Anaangalia wenye kushuka, mumoja mumoja. Kisha anakaa. Mimi nilikuwa namwambia: Grégoire, nenda wewe kwake, una miguu. Alikuwa anakataa. Alikuwa anasema: Faradji alifungwa juu yangu, kwa kosa langu, nitamwangalia namna gani?"

"Juu yake?" Faradji alisema. "Waya ulikuwa wangu!"

"Sikiliza. Siku chache mbele ya moto, alisikia harufu ya mpira. Ile taa ilikuwa inazimika, inawaka. Alijua iko kitu. Akanyamaza, aliogopa masista wataondoa taa, na Léocadie atarudia kushika tochi kwa meno. Halafu akasikia wewe uko gereza, unavunja mawe. Hakukula siku ile. Alisema: nilinyamaza, na ndugu yangu amefungwa."

Faradji aligeuka, akaitazama njia aliyojia.

"Kila mutu alikuwa anajihukumu kwake," alisema Anastasie. "Na njia iko ile moja tu, kutoka kwenu mpaka kwetu. Mulipitisha muchele, mulipitisha vitenge. Mulishindwa kupita nyinyi wenyewe. Wanaume wawili wajinga. Nilikuwa nawapenda wote, lakini mulikuwa wajinga."

Faradji alikaa Kabambare mpaka matanga yakaisha. Alipata kwenda kaburini peke yake. Alichosema huko hakumwambia mtu, wala sisi hatutajaribu kukibuni.

Kabla hajaondoka, Anastasie alimpeleka dispansere. Kamyoneti mpya ilikuwa imekwisha kuletwa, na shofere mpya. Nyuma kulikuwa giza. Baada ya ule moto hakuna aliyetaka kusikia habari za taa.

"Léocadie bado anashika tochi kwa meno," alisema Anastasie. "Weka taa."

"Shemeji, usiniambie hivyo. Mikono hii ndiyo iliyoweka ile ya kwanza."

"Basi irudie vizuri. Weka."

Aliomba ruhusa, akapewa. Alirudi Kasongo kuchukua vitu, akaja navyo. Na Mama Léocadie, aliyekaa kwenye kisiki akimtazama, anakumbuka kila alichofanya, kwa sababu kila alichofanya alikisema kwa sauti, kama mtu anayemsomea mwingine.

Kwanza alifungua waya wa batri na kuuweka mbali, ili asifanye kazi kwenye kitu kilicho hai. Alichagua waya mnene kuliko taa ile ilivyohitaji. Karibu kabisa na batri, umbali wa mkono, aliweka fizibu, na fizibu ndogo, inayolingana na taa, si kubwa eti kwa kuwa ndiyo iliyopatikana. Kwenye tundu la bati alipiga tupa ukingo mpaka ukawa laini, kisha akavika mpira mnene. Waya hakuupitisha chini karibu na bomba la moshi wala tangi. Aliupandisha juu, kwenye fremu, akaufunga kila mahali ambapo ungeweza kuchezacheza. Viungo alivichomelea kwa risasi ya kuyeyusha, akavizungushia utepe. Mwisho akarudisha batri, na kabla ya kuwasha taa akafanya jambo lililomshtua Léocadie: aliugusisha waya kwenye chuma kwa makusudi. Fizibu ikakatika, tik. Hakuna moshi. Akaweka fizibu nyingine, akawasha.

Léocadie alisema, "Asante, fundi. Sasa naona."

Safari hii hakupiga mluzi. Alikusanya vifaa vyake polepole, akasema, "Ilikuwa kazi ya nusu siku, mama. Nusu siku tu."

Tangu hapo hakuna motokari iliyotoka kwenye karakana ya Faradji na kitu cha kuongezwa bila fizibu. Wenye haraka walimgombeza. Mfanyabiashara mmoja, Abedi, alitaka klaksoni na taa kwa ajili ya sikukuu ya Idi, na fizibu hazikuwepo. Faradji akazuia funguo za motokari. "Utakwenda kusali kwa miguu, Bwana Abedi," alimwambia, "na Mungu atakusikia vile vile." Abedi alikasirika mwezi mzima. Wiki iliyopita alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Na Faradji alikwenda Kabambare. Sasa alikwenda mara kwa mara. Aliezeka nyumba ya Anastasie, aliwafundisha watoto wa Grégoire kazi, alikula pale muhogo na samaki. Watu wakamwambia, unaona, umelitengeneza. Mama Feza anasema jibu lake lilikuwa moja:

"Nimetengeneza nyumba. Mwenye nyumba alikuwa anangoja kwenye kiti, na mimi sikuja."

Alisema hivyo hata siku za mwisho, kifua kikimbana. Hatutawadanganya, wasikilizaji, kwamba alikufa moyo wake umetulia kabisa. Haukutulia. Aliomba dua nyingi, alisamehe wote, aliomba wote wamsamehe. Lakini jina lililokuwa mdomoni mwake zaidi lilikuwa la mtu ambaye hangeweza tena kumjibu.

Kwa Mama Feza, aliyeshika mkono wake mpaka mwisho, tunasema pole. Kwa Mama Mwamvita, dada aliyebaki, pole. Kwa watoto na wajukuu, kwa mafundi wote wa Kasongo waliojifunza kwenye ile meza ndefu, pole. Kwa Mama Anastasie, aliyesafiri kutoka Kabambare kuja kukaa matanga na mjane mwenzake, wakila sahani moja, pole ya pili juu ya ya kwanza. Mungu amrehemu Faradji, mwana wa Kassimu. Mungu amrehemu Grégoire.

Ninyi wenye motokari, mliongeza taa, mliongeza klaksoni, mliongeza feni. Leo hii, kabla ya safari, fungueni kifuniko mtazame waya umetoka wapi na unapita wapi. Msipojua, mwulizeni fundi. Fundi akisema ngoja, ngojeni.

Na sisi wengine, tusio na motokari? Kila mmoja wetu ana mtu. Ulimkosea, au alikukosea, au hamjui tena nani alimkosea nani. Unampelekea salamu. Anasema uje, na wewe unasema ni heshima tu.

Sasa tutapiga muziki. Muziki huu si wa lazima. Kama mtu huyo bado yuko hai, na njia iko, zima redio uende.